Maksai Waliosomwa Redioni

Siku jina langu liliposomwa redioni naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo, akanisamehe. Nilikuwa na miaka kumi na minne, niko darasa la sita hapa hapa Ihanja, mrefu wa miguu na mwingi wa maneno. Redio ya baba ilikaa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naanika mawe yake. Mwanangu, mawe ya redio ni betri, usinicheke. Yakichoka tulikuwa tunayaanika juani juu ya paa la tembe, pembeni ya mlenda, na yakishapata joto redio inaongea tena mpaka jioni.

Basi kila siku alasiri kulikuwa na kipindi cha salamu. Watu walikuwa wanapata kadi dukani, wanajaza jina, mahali walipo, na majina ya wale wanaowasalimu, halafu chini kuna mstari wa ujumbe. Kadi inakwenda kwa posta, na baada ya majuma kadhaa, ukiwa na bahati, mtangazaji anaisoma nchi nzima ikisikia. Nchi nzima! Kulikuwa na watu wanaojulikana kwa salamu tu. Mimi sikuwahi kufika hata Manyoni, lakini niliwajua wapenzi wa salamu wa Tanga na wa Bukoba kwa majina yao ya kujipamba. Nikatamani na mimi nijulikane. Hamu hiyo ninyi mnaijua, maana ndiyo inayowafanya mpige picha chakula kabla hamjakila.

Nikachukua mayai matatu ya bibi yangu, mama mzaa baba, bila kumwambia. Muuza duka akayapokea, akanipa kadi na stempu. Nikajificha nyuma ya ghala nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Niliyoyaandika nayakumbuka mpaka leo, maana nilikuja kuyasikia mara nyingi kwa watu wakinitania. Niliandika hivi: mimi Malkia wa Alizeti, jina halisi Salome binti Ntandu, wa Ihanja, Singida, nikiwa nyumbani na bibi tu kwa kuwa baba na mama wako Manyoni wanamjengea shangazi Eliza nyumba mpaka mvua zitakapoanza, nawasalimu baba, mama, shangazi Eliza, na maksai wetu wawili hodari, Simba na Shujaa, ambao nawachunga mwenyewe kila nikitoka shule. Ujumbe: tupendane.

Sasa sikia. Kila kitu katika kadi ile kilikuwa kweli, isipokuwa Malkia na majina ya maksai. Nyumbani kwetu hapakuwa na Simba wala Shujaa. Maksai wetu waliitwa Mvivu na Kibogoyo. Mvivu kwa sababu ukimfunga nira alikuwa analala chini, na Kibogoyo kwa sababu unaijua mwenyewe. Mimi ningewezaje kuitangazia nchi kwamba nachunga Mvivu na Kibogoyo? Nikawapa majina ya heshima.

Kadi ilisomwa siku ya Jumatano. Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka uani. Bibi, aliyekuwa anachambua choroko mlangoni, akauliza, "Simba ndiye nani?" Nikamwambia ni Mvivu. Bibi alicheka, akacheka, akafuta machozi kwa upande wa khanga, akaanza upya. Halafu akaniuliza kama baba anamfahamu huyo bwana anayesoma. Nikamjibu kwa kiburi kwamba redio haihitaji kufahamiana na mtu. Sikumwambia kuhusu mayai, naye hakuuliza. Kijijini nilitembea kwa siku kumi kama mke wa mkuu wa wilaya.

Jumamosi ya wiki iliyofuata akaja mgeni na baiskeli. Mtu safi, kofia nzuri, viatu vimepigwa rangi. Bibi alikuwa amejilaza ndani, mguu ulikuwa unamsumbua. Mimi niko uani peke yangu. Akanisalimia kwa Kinyaturu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri kabisa, halafu akasema, "Wewe bila shaka ni Salome. Malkia mwenyewe! Baba yako Ntandu hanywi chai bila kukutaja." Mwanangu, kichwa kilinivimba. Mtu mzima, kutoka Manyoni, ananijua! Akanipa habari za shangazi Eliza, akasema nyumba inakwenda vizuri ila matofali yako mbali na uwanja, kwa hiyo baba amemtuma aje achukue wale maksai wawili wakasombe matofali, na watarudi kabla ya mvua. Nikasema bibi yuko ndani, ngoja nimwite. Akanizuia kwa upole. "Mama mtu mzima, mwache apumzike. Utamwambia akiamka. Wewe si mkubwa bwana, baba amesema nyumba umeishika wewe?"

Hapo tumbo langu lilivuruga kidogo. Nakwambia ukweli kwa sababu mpaka leo naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko mengine yote. Tumbo lilijua. Lakini mgeni alikuwa ameshaniita mkubwa, na mimi nilipenda kuwa mkubwa, na zaidi ya hapo nilifikiri nikimwamsha bibi habari za kadi zitaanza upya na mayai yatatokea. Nikampa mgeni maziwa mgando kibuyu kizima. Nikampa na kiporo cha ugali wa uwele. Alikula kama aliyetumwa kweli kutoka mbali. Kisha nikaenda zizini, nikaondoa magogo ya mlangoni kwa mikono yangu hii, nikamletea kamba.

Maksai wale wawili ndio waliokuwa jembe letu. Bila wao baba angelima robo ya shamba kwa mkono, na mwaka ule ghala lilikuwa limebaki na uwele wa kufika mvua tu. Hilo nililijua vizuri. Nilijua, nikafungua zizi.

Kilichotuokoa ni majina. Mgeni aliingia zizini, akapiga mluzi, akaita, "Simba! Simba, njoo! Shujaa, haya twende!" Mvivu alikuwa amelala anacheua. Hakunyanyua hata sikio. Kibogoyo akamtazama yule bwana, akageuka akampa mkia. Akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, na sauti ikaingia dirishani mpaka kwa bibi kitandani. Nikamwona bibi anatoka, anachechemea, khanga begani, anakuja zizini polepole utadhani anaenda kuokota mayai.

"Shikamoo mama," mgeni akasema.

"Marahaba baba. Unamwita nani?"

"Simba na Shujaa, mama. Ntandu kanituma."

"Majina hayo kakutajia Ntandu mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake, mama. Juzi tu."

Bibi akaanza kucheka. Kicheko kile kile cha siku ya kadi, mkono kiunoni, mguu unamuuma na anacheka. Akamwambia, "Basi umepotea njia, mwanangu. Simba na Shujaa hawalali hapa. Wanalala redioni. Wafuate huko huko."

Yule bwana aliniangalia mimi, akamwangalia bibi, akaangalia mlango wa zizi. Hakuaga. Alirukia baiskeli, nayo kwa haraka yake ikachomoa mnyororo, ikabidi aisukume mbio mpaka barabarani huku kofia imeangukia mgongoni na bibi anapiga yowe kuita majirani. Majirani walikuja na marungu lakini hawakumkuta, walikuta vumbi. Wakabaki kunicheka mimi. Hata leo wapo wazee wenzangu hapa kijijini wakiniona wananiuliza hali ya Simba.

Nilijua nitachapwa. Bibi alirudisha magogo ya zizi, akakaa kwenye kigoda, akaniambia nikae. Akanisukumia ungo wa choroko tuchambue wote.

Kisha akauliza, "Kwa nini ulimwamini?"

"Alinijua bibi. Alijua jina langu na la baba. Alijua mpaka shangazi."

"Nani alimwambia?"

Nikajibu nikiwa nimeinamia ungo. "Mimi."

"Basi hakujui, Salome. Anajua ulichomwambia."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, ya kanisani na ya mikutano ya hadhara, lakini hakuna maneno yaliyoniingia kama hayo. Halafu nikamsimulia jinsi mgeni alivyonizuia nisimwamshe, akaniuliza nilijisikiaje hapo. Nikamwambia tumbo lilivuruga. Akauliza kwa nini basi sikuja kumwamsha. Nikalia, nikatoboa yote: kadi, mayai, kwamba niliogopa kuchapwa. Bibi alifikiri akasema, "Ni kweli, ningekuchapa." Tukacheka wote wawili, mimi na makamasi yangu. Ndipo akaniahidi jambo ambalo hakulivunja mpaka anafariki: kosa nitakalomwambia mwenyewe, kabla hajalisikia kwa mtu, hatanichapa kwa ajili yake. Atanisema, atanisema sana, lakini fimbo hapana.

Sasa mwanangu, unaniona mimi bibi kizee wa alizeti na kuku, unajiuliza salamu za redio zinahusiana vipi na simu yako. Ngoja nikwambie habari za Rehema.

Rehema ni mjukuu wangu, ana miaka kumi na mmoja, anakaa na mimi hapa. Mama yake, mwanangu wa mwisho, ni muuguzi Kiomboi, na alimwachia mtoto simu yake ya zamani ili wazungumze na aangalie masomo. Masomo aliyaangalia, simkatalii. Lakini aliangalia na mengine, akajiunga mahali ambapo watoto wanacheza mchezo huku wanaandikiana. Akajaza ukurasa wake. Mwanangu, nilipokuja kuuona ukurasa ule nilikaa chini. Picha yake amevaa sare, nembo ya shule inasomeka. Jina lote. Ihanja, Singida. Na chini kaandika: naishi na bibi yangu kipenzi, mama yuko Kiomboi. Ilikuwa kadi yangu ile ile, imekosa maksai tu.

Akapata rafiki, binti aitwaye Vanessa, miaka kumi na miwili, anasema yuko Singida mjini. Vanessa akampenda Rehema mara moja. Alijua shule yake. Alijua mama ni wa Kiomboi. Baada ya siku chache akaingia na shangazi yake Vanessa kwenye maongezi, mtu mzima, akamsalimia mtoto hujambo. Rehema akaandika shikamoo, maana ndivyo tulivyomlea, na shangazi akauliza, naye akajibu, maana pia ndivyo tulivyomlea, mkubwa akiuliza unajibu. Bibi huenda shambani saa ngapi? Akajibu. Nani anabaki nyumbani? Akajibu. Ana picha nyingine? Akatuma. Mwisho shangazi akasema ana zawadi ya Rehema, atashuka na basi Jumamosi saa nne asubuhi, mtoto aende kituoni peke yake ampokee, asimwambie bibi ili iwe jambo la kushtukiza, na ujumbe wote aufute.

Alhamisi, tunapepeta alizeti, Rehema akaniuliza ghafla, "Bibi, mtu akijua shule yako na mahali alipo mama yako, si ni mtu wenu?"

Nikaweka ungo chini, nikamwomba anionyeshe. Aliponyoosha simu, mwanangu, mkono wangu wa kulia ulishanyanyuka kuipokonya. Nakuapia ulishanyanyuka. Nilitaka kuitupa shimoni, nimchape na khanga, nimpigie mama yake nimgombeze pia. Nikauona uso wa mtoto unajifunga, kama dirisha mvua inapokuja. Nikaukalia mkono wangu. Kweli, nikaukalia! Nikasema, "Umefanya vizuri kuniambia. Nisomee polepole, bibi yako hana miwani."

Akanisomea yote. Alipomaliza akasema, "Nilitaka kukwambia tangu Jumatatu, bibi. Niliogopa utaninyang'anya simu."

Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mpaka Alhamisi. Siku nne mtoto analala na jambo hilo, na mimi niko chumba cha pili nakoroma. Angeogopa siku mbili zaidi tu, Jumamosi ingefika.

Hatukufuta kitu. Hatukumjibu mtu. Tulimpigia mama yake, akaomba ruhusa kazini, Ijumaa mchana akawa ameshashuka kwenye basi. Tukaenda polisi kwenye dawati la watoto, wakatupokea vizuri, wakataka kuona ujumbe wote, ndiyo maana nakwambia usifute. Askari wa kike akaipiga namba ambayo Vanessa alikuwa ameiacha. Ikaitika sauti nzito ya mwanaume mzima. Rehema alinishika mkono hapo, hakuuachia mpaka tukafika nyumbani. Mengine askari wanayashughulikia, mimi siyajui na sitajifanya nayajua.

Jumamosi saa nne asubuhi basi lilipiga honi barabarani kama kawaida yake, likaenda zake. Rehema alikuwa jikoni anagombana na mama yake juu ya nani ale ukoko. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza wanavyopigiana kelele kwa ajili ya ukoko, nikalia kwa furaha mpaka wakaniuliza nina nini. Nikasema moshi.

Kwa hiyo mwanangu, nisikilize, halafu nakuachia. Simu ni nzuri, mimi mwenyewe naangalia humo namna ya kuwakinga kuku na kideri, sitakudanganya kwamba ni ya shetani. Ila ukiandika humo, hujaandika kwa rafiki zako tu, umesimama kwenye redio. Jina lako lote, shule yako, kijiji chako, nani yuko nyumbani na nani kasafiri, picha ya sare yako, hayo ni ya watu wanaokujua kwa uso. Neno lako la siri mwambie mama au baba, usimwambie rafiki hata mnayekaa naye dawati moja. Ukiambiwa umeshinda zawadi ya mchezo ambao hukucheza, usibonyeze, mwite mkubwa asome. Mtu uliyemjulia kwenye simu usiende kukutana naye, si kituoni, si shuleni, si kanisani wala msikitini, bila mzazi kukushika mkono.

Na hili la shikamoo nalisema wazi kwa sababu hapa kwetu ni gumu. Nimekufundisha kumwamkia na kumwitikia kila mkubwa, na njiani, shambani, sokoni, uendelee hivyo hivyo, la sivyo tutagombana. Lakini kwenye simu nakuondolea sheria hiyo. Mtu usiyemjua akikusalimia humo, au akidai ni mkubwa wako, mwache bila jibu. Hujamvunjia heshima. Kama ni mkubwa kweli anapajua kwetu, aje apige hodi, nitamwitikia mimi. Na akisema usimwambie bibi, usimwambie mama, hapo hapo inuka uje, hata kama nimelala, hata kama umekosea wewe mwenyewe, hata kama umeshatuma picha. Njoo na tumbo lako linavuruga. Nitakusema, nitakusema sana. Simu sitakunyang'anya kwa sababu umeniambia.

Ninyi wazazi mnaosoma juu ya bega la mtoto, nawaona. Kaeni naye. Mwulizeni anacheza nini, mcheze naye, mshindwe awacheke. Na siku akija na habari mbaya, kalieni mkono.

Haya mwanangu. Mungu akukuze, urefuke unipite mimi. Akujalie akili ya kunyamaza mbele ya mgeni na mdomo mwepesi mbele ya wanaokupenda. Na jina lako liitwe kila jioni, nawe uitike ukiwa nyumbani.